Vipande Tisa vya Boriti

Jumatatu, 11 Machi
Asubuhi mawingu mazito, upepo wa baridi, bado haijanyesha.

Boriti imefika. Mume wangu ameileta kwa mkokoteni, akaibwaga uani na kusema, "Fundi, baba mkwe wako huyo."

Alikuwa anatania, lakini si utani mtupu. Chini ya boriti hiyo walilelewa yeye na ndugu zake, jumla yao saba. Nyumba ya wazazi ilibomolewa Desemba kupisha barabara. Siku ile kila mmoja alikuwa anaokota chake, huyu bawaba, yule kitasa, na mimi nikajikuta nasema mbele ya wote kwamba nitawatengenezea kalamu kutoka kwenye boriti ya sebuleni, kila mtu yake, kwa kuwa baba yao alikuwa mwalimu. Shemeji Mkubwa, kifungua mimba wao, alinipima kwa macho kutoka kichwani hadi viatuni.

"Shemeji, kazi ya mashine ina wenyewe."

"Ina wenyewe, shemeji, na mmoja wao unaongea naye."

Walicheka. Sasa sina pa kutokea. Mashine ya kukereza, inayozungusha mti huku patasi ikiuchonga, niliachiwa na marehemu baba yangu. Yeye alikereza miguu ya vitanda, mimi nakereza kalamu, mwaka wa tisa huu.

Tatizo ni mchwa. Wameila boriti huku na huku. Sehemu nzima haizidi shubiri moja. Halafu imelala nje tangu Desemba na imeshiba maji. Nimelala saa nne kasorobo.

Jumanne, 12 Machi
Manyunyu asubuhi, kisha kimya.

Nimepiga mistari kwa penseli mara tatu kabla ya kugusa msumeno. Nimepata vipande tisa, kila kimoja unene wa kidole gumba, urefu wa kalamu. Watu ni saba, akiba ni viwili. Boriti nyingine haipo.

Nimeviandika namba, 1 hadi 9, na kuvipima kwenye mizani ya jikoni. Chepesi kina gramu 44, kizito 47. Mti ukikerezwa ungali na maji unanywea baadaye, na kalamu hupasukia mfukoni mwa mtu. Kwa hiyo nitapima kila Jumatatu. Siku mizani itakaporudia hesabu ileile Jumatatu mbili mfululizo, nitawasha mashine. Ndugu wanakutana hapa kwetu Jumamosi ya tarehe 25 Mei. Muda upo, mradi nisiwe na pupa.

Nimevipanga kwenye rafu ya karakana, mbali na dirisha. Saa nne na nusu.

Ijumaa, 15 Machi
Mvua ya kwanza ya kweli, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi adhuhuri.

Wifi yangu amehamia kwetu. Ni dada wa mume wangu, wa nne kati ya wale saba, mjane, mshonaji. Bati lake limetoboka na fundi wake wa paa hapandi juu mpaka mvua iishe. Ameingia na cherehani, mabegi matatu na mwavuli wenye mbavu moja iliyovunjika.

"Wifi, usijisumbue kabisa. Nionyeshe tu pa kulala, pa kushonea na pa kuanikia."

"Hapo umebakisha nini?"

"Nimekubakishia mume wako."

Ana miaka hamsini na tatu, ananizidi kumi. Anatembea kama anayegonga mihuri sakafuni. Anaimba wimbo mmoja, ubeti mmoja, tangu mchana. Amehamisha sufuria zangu zote kutoka rafu ya kulia kwenda ya kushoto, eti ndivyo mkono unavyotaka. Sijui mkono wa nani.

Saa tano kasoro dakika kumi.

Jumapili, 17 Machi
Mvua. Nimerudisha sufuria kulia.

Jumatatu, 18 Machi
Mawingu, joto la fukuto.

Kila kipande kimepungua gramu moja. Vizuri.

Wifi amenikuta naandika. Hakuchungulia, nampa haki yake. Alisimama mlangoni na kikombe.

"Ndugu yangu ananiambia unaandika mpaka saa uliyolala."

"Kila siku."

"Ukiwa unaandika, uko macho. Ukishalala, huandiki. Sasa hiyo saa unaipata wapi?"

Nikamwambia naijaza asubuhi yake.

"Kumbe unakisia," akasema, akaenda zake kugonga mihuri jikoni.

Saa nne na robo. Au karibu na hapo.

Jumanne, 19 Machi
Mvua. Sufuria ziko kushoto tena.

Jumatatu, 25 Machi
Mvua usiku kucha na asubuhi yote.

Hakuna kilichopungua hata gramu. Hewa yenyewe imelowa. Taulo la Jumamosi bado bichi. Nimehesabu wiki, zimebaki nane na siku chache. Mume wangu anasema nivikaushe kwenye oveni. Nimemwambia akatumbukize kichwa chake kwanza.

Alhamisi, 28 Machi
Mvua. Nimehamishia vipande namba 6, 7, 8 na 9 juu ya friji, upande wa nyuma, kuna joto kidogo. Wifi kaimba ubeti uleule.

Jumatatu, 1 Aprili
Mvua asubuhi, jua la dakika kumi, mvua.

Namba 1 hadi 5 havijatikisika. Namba 6 hadi 9 vimepungua gramu nne kila kimoja! Vinakwenda mbio. Kwenye namba 7 nimeona mstari mwembamba kama unywele. Nadhani ni alama ya msumeno.

Nimelala saa tatu na nusu, na moyo mweupe.

Jumatano, 3 Aprili
Mvua ya radi. Umeme umekatika tangu asubuhi. Friji inavuja, kwa hiyo nimevirudisha vile vinne rafuni. Kesho nakwenda kufunga nguzo za ngazi kwa mteja.

Alhamisi, 4 Aprili
Mbingu buluu tangu asubuhi, jua la kwanza la kweli baada ya wiki tatu.

Siku mbaya. Naandika taratibu ili nisikosee.

Nimerudi saa tisa. Uani kamba zimejaa nguo, mashuka, mapazia, na juu ya stuli, kwenye kitambaa cheupe, vipande vyangu tisa vimepangwa kwa namba kama askari kwenye gwaride. Wifi alikuwa kibarazani anashona mfuko wa mto.

"Nimekuanikia na vijiti vyako," akasema. "Nikaona jua hili lisipite bure. Saa moja tu, na nimevitandikia kitambaa."

Nilivipokea kimoja kimoja. Namba 1, kizima. Namba 2, kizima. Nikafika namba 6. Ufa toka kichwani hadi katikati, kucha inaingia. Namba 7, ufa. Namba 8, nyufa mbili. Namba 9, ufa. Vinne. Watu saba, vipande vitano.

Sikumwita wifi. Nilimwita "wewe".

"Wewe nani kakutuma? Ni kipi katika nyumba hii ambacho hujakigusa?"

Akaweka sindano chini. "Wifi, nilidhani..."

"Usidhani! Sufuria umedhani, rafu umedhani, sasa umedhani na kwenye boriti ya baba yako mwenyewe. Ukawaambie wawili kati ya ndugu zako kwamba kalamu zao umezianika zikapasuka."

Alinyanyua kipande kimoja kizima, akakigeuza, akakirudisha.

"Mbona hivi vitano havikupasuka? Jua lao lilikuwa moja."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyevipasua?"

Alianua nguo zote, hata zilizokuwa bado bichi, akazikunja, akaingia ndani. Mume wangu alirudi, akatazama stuli, akatazama sura yangu, akakumbuka kwamba ana rafiki wa kumjulia hali mtaa wa pili.

Nimelala saa saba. Hii sikisii, nilisikia kila saa ikipita.

Ijumaa, 5 Aprili
Mvua. Hakuna wimbo.

Jumapili, 7 Aprili
Manyunyu.

Wifi anapika, anatenga, anakula kwa adabu kama mgeni wa siku moja, anasema "asante, nimeshiba". Hatembei tena kwa kishindo. Mara mbili nimeshtuka kumwona nyuma yangu. Sufuria zimerudi kulia, zote, zimepangwa kwa ukubwa. Nilidhani ningefurahi.

Mume wangu chumbani: "Mke wangu, dada yangu kakosea, sawa. Lakini kwenye nyumba yangu sasa nasikia saa ya ukutani."

"Ilikuwepo siku zote."

"Ilikuwepo. Ilikuwa haisikiki."

Jumatatu, 8 Aprili
Mvua asubuhi, nzito, ya kunyooka.

Siku ya mizani. Nimepima vitano vilivyobaki, vyote gramu 42 na 43. Nikafungua daftari hili nyuma kutafuta jumla iliyopungua tangu mwanzo. Nimezoea kujumlisha. Laiti ningezoea na kusoma.

28 Machi: namba 6, 7, 8, 9, juu ya friji, upande wa nyuma.
1 Aprili: gramu nne. Mstari kama unywele.

Nilikwenda kuweka mkono nyuma ya friji. Pale juu ya zile waya nyeusi panachoma kama pasi inayoanza kupoa. Wiki nzima vipande vilikauka ngozi huku moyo umejaa maji. Mti ukivutwa hivyo hauna la kufanya ila kupasuka. Baba alinifundisha hayo kabla sijajua kuendesha mashine: usimwonyeshe mti moto, atakuonyesha meno. Na unywele ule niliuona kwa macho yangu siku tatu kabla ya jua la wifi, nikauandika kwa mkono wangu, nikaupa jina lingine kwa sababu nilitaka kulala.

Jua lilimalizia tu. Pengine hata bila jua ungefunguka wenyewe.

Nyani haoni kundule. Mimi nimeliona, nimeliwekea tarehe, na bado nikamlaumu mwenzangu.

Sikulala hadi saa nane.

Jumanne, 9 Aprili
Mvua. Nilikwenda mara tatu hadi mlango wa chumba chake. Mara ya kwanza nilimwuliza kama ana mkasi. Mara ya pili nikamrudishia mkasi. Mara ya tatu nikamwuliza kama ana mkasi.

Jumatano, 10 Aprili
Mawingu, hakuna mvua.

Leo nimemwambia. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanikimbia, nikamwekea daftari hili juu ya cherehani.

"Soma kuanzia tarehe 15 Machi."

"Hilo ni lako la siri, wifi."

"Ndiyo maana nakupa."

Alitafuta miwani, akavaa, akasoma akifuata mistari kwa kidole. Mimi nilisimama kama mwanafunzi mbele ya meza ya mwalimu mkuu. Alipofika pa mihuri, nyusi zilipanda. Alipofika pa wimbo, alinitazama juu ya miwani.

"Ubeti mmoja? Naujua na wa pili."

Kisha akafika pa friji. Alirudi nyuma akapasoma tena. Akafika tarehe 4, ambako nimeandika kila neno nililomwambia. Alipomaliza tarehe 8 alifunga daftari na kulipapasa jalada kana kwamba linapumua.

"Siku sita, wifi," akasema. "Siku sita nakula kwenye nyumba ya ndugu yangu nikijiona mwizi. Usiku nilikuwa namwambia baba anisamehe."

Nilisema nisamehe mimi. Nilisema mengine pia, hayaandikiki vizuri, pua ilikuwa imejaa. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Nimekusamehe. Lakini hapa pa mihuri nitakukumbusha mpaka ufe."

Nikadhani yameisha. Akainuka, akavuta begi lake la tatu kutoka uvunguni, lile ambalo hajalifungua tangu aje.

"Na mimi nina langu. Afadhali tuoge siku moja."

Ndani, katika shuka kuukuu, kulikuwa na mchi wa kutwangia. Mweusi kwenye mshiko, mweupe kidogo kwenye kichwa kilicholika.

Niliujua bila kuambiwa. Huo ni mchi wa mama yao. Ulipotea siku ya mazishi yake, miaka kumi na moja iliyopita, na Shemeji Mkubwa amewahi kumnunia kila mmoja wao kwa zamu.

"Niliuchukua mimi," akasema wifi. "Kila mtu alikuwa anautaka, nikaona watagombana. Nikauficha ili wasigombane. Wakagombana kwa sababu umepotea. Baada ya hapo ningesemaje?"

Tulitazamana. Aliyeanza kucheka sijui ni nani. Mume wangu alikuja mbio kutoka uani akiwa na povu la sabuni mkononi, akauona mchi, akakaa chini sakafuni.

Nimelala saa tatu. Niliangalia ukutani kabla ya kufumba macho. Isihesabiwe kuwa nimekisia.

Alhamisi, 11 Aprili
Mvua nyepesi. Sufuria ziko kushoto. Nimeziacha. Kweli mkono unazifikia haraka zaidi.

Jumamosi, 13 Aprili
Jua na mvua vikipokezana.

Wazo ni la wifi, naliandika hapa lisije kuitwa langu. Alikuwa ananitazama nikieleza jinsi kalamu ilivyo vipande viwili, cha juu na cha chini, vinakutana kiunoni kwenye pete ya shaba.

"Kwa hiyo kila kijiti unakikata kati?"

"Nakikata kati."

"Vijiti vitano, nusu kumi. Watu saba." Akaleta mchi, akaulaza mezani. "Juu baba, chini mama."

Nilimwuliza mara mbili kama ana hakika. Mchi ukishakatwa haurudi.

"Wifi, mama hakuwahi kuweka kitu ndani ya shuka. Alikitumia mpaka kikaisha."

Nikaupima kwa desturi tu. Mti uliotwanga miaka thelathini hauna maji ya kuficha.

Jumatatu, 6 Mei
Manyunyu. Gramu 38 vyote vitano.

Jumatatu, 13 Mei
Jua. Gramu 38 vyote vitano. Wifi alipiga vigelegele mbele ya mizani ya jikoni, majirani wakadhani tumepata mjukuu.

Jumanne, 14 Mei
Asubuhi safi, matone kwenye majani tu.

Nimewasha mashine. Nimetoboa kila nusu kwa keekee, nikabandika mrija wa shaba ndani kwa gundi, nikasubiri, nikaweka kwenye mhimili wa mashine na kuufunga. Patasi ikagusa. Boriti ile nyeusi ya moshi na vumbi ina wekundu ndani kama chai isiyo na maziwa. Ilitoka kwa utepe mrefu usiokatika. Mti mkavu huimba kwa sauti ya juu, na huu uliimba.

Wifi aliomba ajaribu kwenye mti wa kuni. Aliishika patasi kama anayekamata kuku. Nikamweka mkono: kiwiko ubavuni, usisukume, ngoja mti uje kwako. Hafundishiki kirahisi, lakini amefundishika. Mkono wa miaka thelathini ya cherehani unajua kungoja.

Ijumaa, 17 Mei
Jua. Kalamu tatu. Wifi ananipigia msasa, mara ya mwisho kwa msasa laini kabisa, kisha nta na kitambaa. Anaimba. Ubeti wa pili ni mbaya kuliko wa kwanza.

Jumanne, 21 Mei
Mvua fupi ya kuaga. Kalamu saba zimekwisha. Jioni wifi alijifungia karakana, akanikataza kuingia. Kwenye karakana yangu! Nilikaa jikoni, nikasikia mashine inakoroma, nikang'ata kucha.

Jumamosi, 25 Mei
Asubuhi mbingu kavu, ukungu kidogo bondeni, hakuna wingu.

Walikuja wote. Viti havikutosha, wengine walikalia magogo ya karakana. Baada ya chakula nilileta kalamu kwenye kitambaa cheupe kilekile. Nikampa wifi aanze kusema.

Alisimama. "Ndugu zangu, sehemu ya juu ni boriti ya baba. Sehemu ya chini," akainyanyua moja, "ni mchi wa mama. Ulikuwa kwangu."

Shemeji Mkubwa aliinuka polepole, na yeye ni mtu wa kimo.

"Kwako?"

"Kwangu, kaka."

"Miaka kumi na moja mimi nautafuta! Nimemnunia huyu. Nimemnunia yule. Nimemnunia hata shemeji yangu ambaye wakati ule alikuwa ndiyo kwanza ameolewa!"

"Ulininunia?" nikasema. "Sikugundua, shemeji. Nilijua ndiyo sura yako."

Mtu mmoja alipaliwa na maji. Kisha wote wakaangua, na yeye akajitahidi kukaza uso, ukamshinda. Alichukua kalamu, akaigeuza kwenye mwanga, akakwaruza kiunoni kwa ukucha, pale wekundu unapokutana na weupe. Hakuna mwanya. Akatoa bahasha mfukoni, akaandika juu yake jina la baba yake, na chini yake la mama yake. Alikaa akiyatazama muda mrefu.

"Kazi ina wenyewe," akasema. Hakunitazama, lakini masikio yake yalikuwa mekundu.

Nikaona ni haki niwaeleze na mimi yangu, habari ya friji, na nani alilaumiwa bure. Nilieleza yote. Mume wangu akasema kumbe ndiyo maana friji yake ilikuwa inalala na mbao.

Hapo wifi akatoa kitu mfukoni mwa gauni. Kalamu ya nane. Nene kiunoni kama karoti, imepinda kidogo, na ubavuni ina ufa uliojazwa gundi na unga wa shaba, unang'aa. Sikuhitaji kuuliza ni namba ngapi. Ule unywele naujua.

"Namba saba," akasema. "Nimeikereza mwenyewe. Wewe si mtoto wa nyumba ile, lakini boriti imekukaa kichwani kuliko sisi sote."

Wamekwenda. Nyumba ina harufu ya nta na watu. Paa la wifi limekwisha tangu juzi, fundi ametuma salamu, na wifi amesema atahama Jumatatu, au ile inayofuata, mapazia bado hayajakauka. Mapazia yalikauka Aprili. Sijamwambia.

Naandika kwa namba saba. Ni nzito, inavuta kushoto, na kidole kinatulia kwenye ufa kana kwamba ndiyo kazi yake. Nilitaka niandike na saa ya kulala, lakini macho yana

Wifi, usinune. Nimelikuta daftari wazi, sikufunua nyuma. Umelala hapa mezani, mdomo wazi, kalamu mkononi, nami sikuwa na moyo wa kukuamsha ila nimekufunika. Wewe usingeweza kujua, ungekisia tena kesho. Mimi nimeangalia ukutani: saa tatu na dakika ishirini.